Tulivyomlilia Mama Tusiyemjua

Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kuniomba nimpokee mgeni, nilikuwa nimeishi peke yangu kwa muda mrefu hadi nikawa naongea na kuku. Mume wangu, mwenyeji wa hapa hapa Idete, alishatangulia mbele ya haki. Binti yangu ameolewa Mwanza. Mwanangu wa kiume anahangaika na maisha Dar es Salaam na hupiga simu akikumbuka. Nilikuwa nimestaafu ualimu, nina kashamba kangu ka mpunga katika bonde la Kilombero, na nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu.

"Shikamoo mwalimu," mwenyekiti alisema, akakaa barazani bila kungoja kukaribishwa. Nilimfundisha kusoma, kwa hiyo haoni haya kwangu.

"Marahaba. Leo kuna nini?"

"Ule mradi wa umwagiliaji umekubaliwa. Wanaleta mtaalamu wa mpunga kutoka Vietnam. Ni ushirikiano wa nchi yao na yetu. Sasa nyumba yako ina choo cha ndani, na Kiingereza unakijua. Tukimweka Ifakara mjini, masika yakija atakwama huko."

Nikamwuliza huyo mtu anakula nini.

"Si wali? Wanalima mpunga kama sisi."

Nikakubali. Ningependa kusema nilikubali kwa ajili ya maendeleo ya kijiji, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kusikia mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba.

Alikuja na begi moja, kofia pana ya majani yenye ncha juu, na chupa ya mchuzi wa samaki aliyoibeba mkononi kama mtoto mchanga. Alikuwa mwembamba, wa makamo, mwenye miguu ya mkulima. Swali lake la kwanza, kabla hajakaa, alilouliza kwa Kiingereza cha kuvunjika kama changu, lilikuwa: "Una miaka mingapi?"

Nikashtuka. Mwanamke wa umri wangu haulizwi hivyo mlangoni. Akaona uso wangu, akaanza kueleza kwa mikono. Kwao, alisema, huwezi kumwita mtu mpaka ujue ni mkubwa kwako au mdogo. Kuna namna ya kumwita dada, namna ya kumwita shangazi, namna ya kumwita mama. Usipojua umri, mdomo unakwama.

"Hata sisi ni hivyo hivyo," nikamwambia, nikamtajia umri wangu. Akahesabu kichwani, akatabasamu. Tangu siku ile akaniita dada, nami nikamwita mdogo wangu. Nikamfundisha na shikamoo. Ila hilo alilipenda kupita kiasi. Alimwamkia kila mtu, hata watoto waliokuwa wakimkimbilia wakipiga kelele "Mchina! Mchina!" Aliwainamia kabisa, "Shikamoo," nao wakajibu "Marahaba" na kuanguka chini kwa kicheko.

Tulikaa hivyo, watu wawili wenye maneno machache. Asubuhi alikwenda mashambani na kofia yake. Alitufundisha kuotesha miche kwenye kitalu na kuipandikiza ingali michanga, mche mmoja mmoja, kwa mstari, tukivuta kamba kutoka kona hadi kona ya jaruba. Sisi tulizoea kumwaga mbegu kwa mkono na kumwachia Mungu. Wanawake wengi walilalamika kwamba mgongo unauma, na walikuwa na haki, unauma kweli. Yeye aliinama pamoja nao. Mambo mengine hakuyajua. Mahali alipotaka kuweka kitalu mwanzoni tulimkataza, maana viboko hupita pale, akaandika na kucheka.

Jioni alipika samaki wetu, perege au kambale, akatia mchuzi ule wa kwenye chupa. Jirani yangu wa upande wa pili aliita juu ya ua, "Mwalimu, kuna kitu kimekufa huko kwako?" Mimi nilimaliza sahani yangu. Baadaye nilikuja kuupenda.

Nyuma ya nyumba kuna kichuguu kikubwa, na juu yake ndipo simu hushika mtandao. Kila asubuhi baada ya chai alipanda pale kumpigia mama yake, ambaye aliishi karibu na mdomo wa mto mkubwa wa kwao, kwenye mashamba ya mpunga yaliyo tambarare kama bonde letu. Kule kwao ilikuwa mchana tayari. Mimi nikiosha vyombo nilisikia sauti yake ikipanda na kushuka kama mtu anayeimba bila kutaka. Sikuelewa neno hata moja. Nilielewa tu kwamba mama alikuwa anauliza na mtoto alikuwa anajibu, na kwamba majibu mengi yalikuwa ya kumtoa mama wasiwasi. Nilijua kwa sababu hata mimi humjibu binti yangu hivyo akiuliza kama ninakula.

Shida ilianza na mfereji.

Mchoro ulionyesha mfereji mkuu ukikata moja kwa moja kutoka kwenye banio, pale maji ya mto yanapokingwa, hadi mashambani. Wakulima waliufurahia. Lakini mstari ule ulipita katikati ya njia ambayo ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma waliitumia kushuka mtoni. Mfugaji aliyekuwa karibu nasi zaidi, mtu mrefu, mkavu wa maneno, alikuja nyumbani asubuhi moja akasimama nje ya ua na fimbo yake.

"Mwangaluka," alisema.

Nikamjibu vile vile, salamu hiyo ya Kisukuma ninaijua.

"Mwambie mgeni wako aje aone kwato."

Tukaenda wote watatu. Mimi nilikuwa katikati, nikibeba maneno kutoka huku kwenda kule. Mfugaji hakueleza mengi. Alituonyesha njia iliyochimbika kwa miaka, akatuonyesha mto ulipo, halafu akamtazama mgeni. Mgeni akachuchumaa, akashika udongo, akauliza swali moja tu: "Ng'ombe watakunywa wapi?"

Siku ya mkutano wa kijiji akalirudia swali lile mbele ya wote, nami nikalitafsiri. Akasema mfereji upindishwe kidogo na lijengwe kalavati ili mifugo ivuke. Kazi itachelewa, lakini bila hivyo ng'ombe watabomoa kingo kila kiangazi na watu wataumizana. Kelele zikapanda. Wako waliokuwa wameliwa mpunga wao na mifugo msimu uliopita, na hasira ilikuwa bado mbichi. Mzee mmoja akasimama. "Mradi ni wa mpunga au wa ng'ombe? Hawa wamekuja juzi na mifugo yao, leo tupindishe maji kwa ajili yao?"

Mama mmoja akanigeukia. "Na wewe mwalimu unatafsiri hivyo kwa sababu na wewe ni wa kuja."

Ni kweli mimi ni wa kuja. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa, huko juu upande wa Kidatu. Baba alitoka Kigoma, na majirani zetu walitoka kila pembe ya nchi. Mlango huu wanakwenda kanisani, ule msikitini, na sukari ilinukia wote sawa. Nimeishi Idete tangu nilipoolewa. Nimefundisha watoto wao, na wajukuu wa baadhi yao. Nilidhani jambo hilo lilishazikwa.

Mfereji ukapindishwa, kwa amri kutoka juu, na watu wakakubali shingo upande. Ila nyumbani kwangu hawakuja tena. Waliniamkia njiani, kwa sababu hakuna anayekosa adabu kiasi hicho, lakini hakuna aliyesimama. Zamu za kusaidiana kupalilia nikajikuta nimesahauliwa. Jirani yangu wa upande wa pili, yule wa kuuliza kilichokufa, alikuwa akija kuazima kinu changu kila mara. Sasa nikasikia akitwanga kwa kinu cha mbali. Mgeni alijua. Alianza kunisaidia kupalilia shamba langu jioni kabla jua halijazama, tukisukuma vipalizi vya mkono vya mradi, kila mtu kwenye mstari wake.

Habari ilikuja katikati ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na barabara ya kwenda Ifakara ilikuwa imefunikwa na maji. Nilikuwa nikichambua mchele barazani nilipomwona akishuka kutoka kwenye kichuguu polepole, simu ameishika mbele yake kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Dada," alisema. "Mama."

Nikaweka ungo chini.

Tulijua wote wawili kwamba hawezi kufika. Hata kama barabara ingekuwa kavu, hata kama ndege ingemngoja, mama angezikwa kabla hajavuka bahari. Alikaa jikoni kwangu akitazama moto. Baada ya muda akaniomba yai. Akalichemsha mwenyewe. Akajaza bakuli wali, akaliweka yai juu, akachonga vijiti viwili vya mwanzi akavichomeka pembeni. Akaegemeza simu yake kwenye chupa ya chai. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mwanamke mfupi anayecheka, jua likimpiga machoni. Akaniuliza kama nina kitambaa cheupe. Nikachana shuka langu la zamani. Akakifunga kipande kichwani, akapiga magoti sakafuni mbele ya bakuli lile, peke yake.

Nilishindwa kukaa na nilishindwa kuondoka. Nikatoka nje uani. Jirani yangu alikuwa kwake, na jembe mkononi, akifungua njia ya maji yaliyotuama.

"Mama yake amefariki," nikamwambia juu ya ua.

"Wa nani?"

"Wa mgeni."

Alisimama akinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kunitazama usoni.

"Mtu kafiwa na mama yake," alisema, "na kwako kuko kimya hivi?"

Akatupa jembe. Nikamsikia akiita nyumba ya pili, na nyumba ya pili ikiita ya tatu. Chai ilikuwa haijapoa walipoanza kuingia, kanga zimefungwa viunoni, wengine na mikeka kichwani, wengine na kuni chini ya mwavuli, wengine na sufuria. Hawakuniuliza. Walihamisha viti vyangu, wakatandika, wakawasha moto chini ya banda. Yule mama aliyenisema mkutanoni ndiye aliyekuja na sufuria kubwa kuliko zote. Alipopita mlangoni na kuona bakuli, yai, na picha ya yule mwanamke akicheka, alikaa chini akaangua kilio. Baadaye aliniambia hakumlilia yule mama. Alimlilia mama yake mwenyewe, maana alikufa wakati yeye yuko kwenye uzazi na hakuruhusiwa kulia.

Wanaume walikaa barazani. Waliuliza jina la marehemu. Mgeni akalitaja, wakajaribu kulisema, likawashinda, wakajaribu tena. Mwishowe wakamwita Mama Mgeni. Wakauliza alikuwa dini gani. Mimi sikuwahi kumwuliza. Katekista akasali kwa namna yake. Mama mmoja Mwislamu akaleta ubani, kwa kuwa vijiti vya kufukiza alivyokuja navyo mgeni vilikuwa vimekwisha, na mume wake akainua mikono akaomba dua. Mgeni aliwainamia wote.

Mchana wa pili alikuja mfugaji. Alikuwa amevuka maji, suruali imelowa hadi mapajani, amebeba kibuyu cha maziwa. Mazungumzo barazani yakakatika. Alisalimia, akasimama kwenye mvua akingoja. Halafu yule mzee aliyeuliza mkutanoni kama mradi ni wa mpunga au wa ng'ombe akasogea kwenye benchi. Wengine wakasogea pia, mpaka nafasi ikapatikana.

Mfugaji akakaa. Akaweka kibuyu chini, akasema, "Mama yangu nilimwacha Shinyanga. Alipofariki nilikuwa njiani na ng'ombe. Sikumzika."

Mtu mmoja alimpa kikombe cha chai.

Tulianua matanga siku iliyofuata. Mgeni alitaka kushukuru. Alisimama mbele ya watu na kile kitambaa kichwani, karatasi niliyomwandikia maneno mkononi, kisha akaikunja akaitia mfukoni. Akasema neno moja alilolijua vizuri: "Shikamooni."

Wote, wakubwa kwa wadogo, wakaitika marahaba, na hakuna aliyecheka.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri. Si kwa wote; walioko mwisho wa mfereji maji yaliwafikia kwa shida, na hilo halijatatuliwa hadi leo. Lakini malori yalikuja hadi kijijini, ya Dar es Salaam na hata ya Kenya, na ng'ombe walivuka kwenye kalavati bila ugomvi mkubwa. Msimu uliofuata muda wa mradi ukaisha. Palikuwa na hotuba, bendera mbili, na soda. Asubuhi ya kuondoka alifagia chumba chake mwenyewe. Aliniachia kofia na nusu chupa ya mchuzi. Gari lilipokata kona nilirudi ndani, nikakuta nimepika chai ya watu wawili.

Watu walidhani nimezoea upweke, kwa kuwa nilikuwa nao kabla. Si hivyo. Ule wa mwanzo ulikuja taratibu, mtu mmoja baada ya mwingine. Huu uliingia siku moja na kukaa kwenye kila kiti.

Baada ya muda tulichaguliwa wakulima wawili kwenda kaskazini mwa Malawi, upande wa Karonga, kuwaonyesha wenzetu upandaji wa mstari. Mwenzangu akashikwa na malaria siku ya safari. Nikapanda treni peke yangu hadi Mbeya, kisha basi hadi mpakani, nikavuka.

Walinipokea vizuri mno. Nililala kwa mama mmoja mwenye sauti nzito na familia kubwa, chumba kimepambwa, neti mpya. Mchana nilivuta kamba na kuinama na wanawake wao, nao wakalalamika mgongo, nami nikawaambia ni kweli unauma. Waliniita mtaalamu. Jioni familia ilikaa uani ikizungumza Kitumbuka, wakicheka hadi kufuta machozi, nami nikatabasamu wakitabasamu, bila kujua kilichochekesha. Mtoto mdogo alikuja kunitazama tu, kama tulivyomtazama mdogo wangu. Nilijifunza kusema "yewo", asante, nikalisema kwa kila jambo, hata pasipohitajika. Nikaingia chumbani mapema kwa kisingizio cha uchovu, nikakaa kitandani. Ndipo nilipohesabu misimu aliyokaa mdogo wangu nyumbani kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa siku chache tu.

Siku ya soko mwenyeji wangu alinipeleka. Kwenye safu ya wauza mchele nikasikia mwanamke akinadi, "Kilombero! Kilombero!" Nikageuka haraka, nikidhani ananiita, nikidhani kuna mtu wa kwetu. Alikuwa ananadi mchele. Mwenyeji wangu akanieleza kwamba ndilo jina la mchele ule unaonukia. Wameulima tangu zamani. Ni nani aliyevusha mbegu, hakuna aliyejua.

"Mimi natoka Kilombero," nikamwambia muuzaji. "Ni mto. Ni bonde."

Alicheka sana. Alidhani namtania, kama mtu akikuambia anatoka Maharage. Nikatia mkono kwenye beseni lake. Punje zilikuwa ndefu, na harufu ilikuwa ya jikoni kwangu. Nilitamani kumwambia mtu. Mwanangu hakupokea simu. Nikapiga picha ya beseni, nikamtumia mdogo wangu Vietnam, ingawa tulikuwa hatujaandikiana muda mrefu.

Alijibu nikiwa nimesharudi Idete. Alituma picha ya shamba lenye mpunga uliokauka ukiwa umesimama. Maji ya bahari, aliandika, yanapanda mtoni siku hizi na kuingia mashambani. Shamba la mama yake limeingia chumvi. Walikuwa wamekuja wataalamu kutoka nchi nyingine kuwafundisha mbegu inayovumilia. "Sasa mimi mwanafunzi, dada," aliandika kwa Kiswahili. Nilikaa na simu ile juu ya kichuguu muda mrefu. Nilitafuta kitu cha kumfundisha, sikukipata. Nikamwandikia pole, na kwamba majirani wanamsalimu. Sikusema uongo, nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia, nao wakanituma hivyo.

Wengine hapa wamerudia kumwaga mbegu. Wengine, pamoja na jirani yangu, bado wanavuta kamba. Mwaka huu maji ya mfereji yamepungua kabla ya wakati. Watu wamefyeka miteremko ya juu kulima, na chemchemi zinakauka. Tulipanda huko wiki iliyopita, wakulima na wafugaji, kuongea nao. Tuliwakuta ni vijana wenye familia, wametoka mbali, hawana ardhi kwingine. Hatukugombana. Hatukukubaliana pia. Tumepanga kurudi.

Leo ilikuwa zamu yangu ya maji. Nilifungua mlango wa jaruba mchana, nikakaa kwenye kingo kungoja. Wenye mashamba ya jirani walikuwa wamekwenda mnadani. Maji yalikuja membamba, yakizunguka mabonge ya udongo, yakachukua muda kufika kwenye mstari wa kwanza wa miche. Nikaingia, nikaanza kuziba mashimo ya panya kwenye kingo kwa matope, maji yasije yakapotea.